Seli haina mawazo, ina dhiki

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa safu yenu ya afya. Wiki iliyopita alitueleza kwamba seli za mwili hupatwa na msongo wa mawazo, kwamba msongo huo ni sumu tupu, na kwamba mwenye busara atauondoa wote, ikibidi kwa kumeza vidonge. Makala hiyo niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeshasimama.

Mimi si daktari wala profesa. Nilikuwa fundi wa maabara, na kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kulea seli: kuzilisha, kuzihamishia sahani mpya zikibanana, kuzigandisha katika naitrojeni kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha kuziamsha siku zikihitajika. Wasomi walikuja na maswali yao wakaondoka na majibu yao. Aliyejua seli zimeamkaje ni mimi.

Nianze na neno lenyewe. Msongo wa mawazo ni wa mwenye mawazo. Seli ya ini haina deni, haina mtihani, haina mkwe. Nadhani mwandishi alikutana na neno stresi katika kitabu cha kigeni, akalitafsiri kama magazeti yetu yalivyozoea kulitafsiri, na hapo ndipo gari lilipoacha njia. Stresi ya seli ni jambo la kupimika: joto limepanda, oksijeni imepungua, chumvi imezidi, chakula kimekwisha, DNA imekatika. Wengine husema mkazo, lakini mkazo hunirudisha darasani kwenye silabi. Mimi napendelea dhiki. Dhiki haihitaji akili ya kuiwaza. Kinachohitajika ni uhai tu.

Na seli katika dhiki haikai kama jiwe kwenye mvua. Aliyelea seli analijua hili kabla hajafungua kitabu. Maji ya lishe tunayoziwekea yana rangi nyekundu, na rangi hiyo hugeuka njano asidi inapoongezeka. Ukifungua inkubeta, kabati la joto tunamozilelea, asubuhi ukakuta njano, unajua zimezaana, zimekula, na sasa zinaogelea kwenye uchafu wao. Seli za kawaida zikishagusana pande zote huacha kugawanyika. Zimepata habari za jirani. (Za saratani hazijali jirani, huendelea kupandana.) Ukizinyima seramu, ambayo ndiyo yenye ujumbe wa kuzihimiza zikue, nyingi hazifi. Zinanyamaza. Ukiirudisha, zinaendelea pale zilipoachia. Mtu akiniuliza kama seli inasikia, humjibu kwamba nimewahi kufanya kazi na watu wanaosikia kidogo kuliko hapo.

Lakini kisa kilichonifanya nikae mezani kuandika barua hii ni cha joto.

Asubuhi moja nilifika kazini nikakuta inkubeta inasoma nyuzi 42. Jioni niliiacha kwenye 37, joto la mwili. Kidhibiti joto kilikuwa kimeharibika usiku, saa ngapi hakuna aliyejua. Nilitoa sahani nikazitazama kwa darubini: seli ambazo jana zilikuwa zimetandaa vizuri zilikuwa zimejikunyata, kingo zimerudi ndani, nyingine zimejiviringa kama punje. Mkuu wangu akachungulia mara moja, akasema tupa. Nikamwomba aniachie sahani nne.

"Za nini?"

"Nizitazame tu."

Nikazibadilishia maji ya lishe, nikazipeleka kwenye inkubeta nzima. Kesho yake karibu zote zilikuwa zimetandaa tena. Sasa pale maabara alikuwepo kijana mmoja mtafiti, mpenda vituko. Akasema tuzitie joto tena, safari hii kwa makusudi, pamoja na sahani nyingine nne ambazo hazikuwahi kuonja joto. Tukaziweka zote kwenye nyuzi 45 kwa nusu saa. Siku iliyofuata nikazitia ile rangi ya bluu ambayo huingia kwenye seli iliyokufa na kuiacha iliyo hai bila doa, nikaanza kuhesabu. Kwenye sahani ngeni kwa joto, bluu ilikuwa imetapakaa. Kwenye zile nne za kutupwa, bluu ilikuwa ya kutafuta. Nikahesabu upya, nikidhani nimechanganya lebo. Sikuwa nimechanganya.

Kijana hakushangaa hata kidogo, jambo lililoniudhi. Aliniambia kwamba elimu hii yote ilianzia kwenye inkubeta iliyochezewa, nami nilikuja kuthibitisha kuwa ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za tezi za mate katika mabuu ya nzi wa matunda. Kromosomu hizo ni kubwa, huonekana kwa darubini ya kawaida, na jeni inapofanya kazi mahali pake huvimba. Mwenzake akapandisha joto la inkubeta. Ritossa alipotazama akakuta uvimbe mahali ambapo hajawahi kuuona. Akajaribu kemikali inayovuruga utengenezaji wa nishati ndani ya seli, bila kuongeza joto, na uvimbe uleule ukatokea. Kwa hiyo seli haikuwa inajibu joto peke yake, ilikuwa inajibu dhiki. Jarida moja lenye heshima lilimkatalia makala, kwamba haina umuhimu. Ikachapishwa mwaka 1962 katika jarida la Experientia. Protini zenyewe zinazotokana na jeni hizo zilikuja kuonekana mwaka 1974. Ningekuwepo siku ile ningempa Ritossa mkono, na mwenzake ningemgombeza, maana inkubeta ya mtu haiguswi.

Sasa mambo yenyewe ndani ya seli yanakwendaje? Protini ni uzi uliokunjwa, na kazi yake yote imo kwenye mkunjo. Joto likizidi, mkunjo hulegea, sehemu zilizofichwa ndani hutokeza nje, na protini huanza kunatana ovyo, kama ute wa yai unapochemka na kuwa mweupe. Seli ina protini maalumu za kuwaangalia wenzake wasifikie hapo. Mashuhuri kati ya hizo ni Hsp70, ambayo namba yake imetokana na uzito wake. Huishika protini iliyolegea, huizuia isinate, huipa nafasi ijikunje upya. Isiyotengenezeka hupelekwa kuvunjwavunjwa. Kijana yule aliziita makungwi, nami sijapata jina zuri zaidi.

Nipe subira kidogo hapa, Mhariri, maana ndipo palipo na utamu. Siku za utulivu makungwi hao wana kazi ya pembeni: wameishikilia protini nyingine iitwayo HSF1 isiende popote. Joto linapopanda, wote wanakimbilia kwenye protini zilizoharibika, na HSF1 inabaki bila wa kuizuia. Hapo HSF1 tatu zinaungana, zinaingia kwenye kiini cha seli, zinakaa juu ya DNA, zinaamsha jeni za kutengeneza makungwi zaidi. Wakishakuwa wengi kiasi cha kubaki na mikono mitupu, wanairudia HSF1 na kuituliza. Hakuna king'ora wala msimamizi. Seli inajua ina dhiki kwa sababu imepungukiwa na mikono. Nimeona mitambo mingi ya usalama katika maisha yangu ya kazi, pamoja na ile iliyotuangusha usiku ule, na sijaona mmoja uliobuniwa kwa akili kama huu.

Zile sahani zangu nne zilipona nyuzi 45 kwa sababu nyuzi 42 zilikuwa zimezijazia makungwi. Akiba hiyo haidumu. Baada ya siku chache hupungua na seli huwa kama zamani. Lakini isingalikuwepo kabisa kama kuna mtu aliyefaulu kuziondolea dhiki yote, kama mwandishi wenu anavyotushauri.

Makala ilisema pia kwamba adrenalini, homoni ambayo mwili huimwaga wakati wa mshtuko, huingia ndani ya seli na kuziunguza. Haiingii. Inaishia nje, kwenye kipokezi kilichopenya utando wa seli, na kipokezi hicho ndicho kinachogeuka umbo upande wa ndani na kupitisha habari. Earl Sutherland alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa kuonyesha kwamba ndani kuna mjumbe wa pili, molekuli ndogo iitwayo saikliki AMP, inayobeba habari ambayo adrenalini imeileta mlangoni. Na ujumbe ukiwa mmoja, kila seli huusoma kwa kazi yake: ya ini huvunja akiba ya sukari, ya moyo huongeza mapigo, misuli ya njia za hewa mapafuni hulegea ili hewa ipite. Huko si kuungua.

Kotisoli, homoni nyingine ya mwili ulio katika dhiki, ndiyo inayoingia, kwa sababu inayeyuka kwenye mafuta na utando wa seli hauizuii. Kipokezi chake kinaisubiri ndani, na anayekishikilia kikae tayari ni nani? Kungwi mwingine, Hsp90. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu chumbani. Dhiki ya mwili mzima na dhiki ya seli moja, mambo mawili ambayo mwandishi ameyachanganya kwa kukosea, yanakutana kweli kwenye mikono ya mlezi mmoja. Kwa hiyo nampa mwandishi nusu alama. Alikuwa karibu na ukweli, ila aliufikia kwa mlango wa uani.

Kuhusu oksijeni sitasema mengi, ingawa ni habari ya Nobel ya mwaka 2019, ya William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza. Seli hutengeneza protini moja inayoitwa HIF-1 alfa mchana na usiku, na kuiharibu dakika chache baadaye, mchana na usiku. Ukiitazama hivyo unaona ni uharibifu wa mali. Lakini alama inayowekwa juu yake ili ivunjwe haiwezi kuwekwa bila oksijeni yenyewe. Oksijeni ikipungua, alama haiwekwi, HIF inajaa, inaingia kwenye kiini na kuamsha jeni nyingi, zikiwamo za kuotesha mishipa mipya ya damu na, kwenye figo, ile ya kutengeneza homoni inayouagiza uboho itengeneze seli nyekundu zaidi. Mtu anayepanda mlima mrefu anaishi kwa hisani ya mpango huo.

Ninalotaka msomaji alitazame ni pale mpango huo unapoharibika. Protini inayoitambua ile alama inaitwa VHL. Waliozaliwa na jeni yake ikiwa na kasoro wanaweza kupata uvimbe uliojaa mishipa ya damu, kwenye figo, kwenye ubongo, nyuma ya jicho. Oksijeni ipo tele, lakini seli inasoma kwamba haipo, na inaagiza mishipa isiyohitajika. Hapo kilichomdhuru mgonjwa si dhiki, ni habari ya uongo kuhusu dhiki. Ndiyo maana nasema kazi kubwa ya seli ni kusoma mazingira yake sawasawa, na ndiyo maana naogopa kila dawa inayotangazwa kwamba itazinyamazisha habari hizo.

Nimefika kwenye vidonge. Mwandishi anasema chembe zile za oksijeni zenye ukali, zinazotoka kwenye mitokondria seli inapochoma chakula, ni takataka zinazopaswa kufagiliwa kwa vitamini kila siku. Zikizidi, kweli zinaharibu; sitaki kumpinga kwa lililo sahihi. Lakini kwa kiasi kidogo seli huzitumia kama barua. Ipo protini iitwayo Nrf2 inayoamsha jeni za kujikinga na ukali huo. Siku za kawaida inashikwa na protini nyingine, Keap1, na kupelekwa kuharibiwa. Chembe kali zinapoongezeka huigusa Keap1 mahali fulani, inashindwa kazi yake, na Nrf2 inakwenda zake kwenye kiini. Tazama mtindo: ni kama wa HSF1, na ni kama wa HIF. Mlinzi yupo siku zote, ameshikwa mkono, na dhiki ndiyo inayomwachilia. Ukifagia chembe zote, ni nani atakayemwachilia?

Hili halikuishia kwenye sahani. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa vijana waliofanya mazoezi kwa wiki nne, baadhi yao wakimeza vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E yuniti 400 kila siku. Mazoezi huufanya mwili uitikie insulini vizuri zaidi. Wasiomeza vitamini walipata nafuu hiyo, waliozimeza hawakuipata. Yapo majaribio mengine ambayo majibu yake hayakufanana, na sitaki kugeuza utafiti mmoja kuwa msahafu. Wala simwambii mtu aache dawa aliyoandikiwa na daktari wake. Namwambia mwandishi tu kwamba sentensi yake, kwamba haiwezekani kuzidisha kitu kizuri, haikupaswa kupita kwenye meza yako, Mhariri.

Najua nitakalojibiwa: je, dhiki isiyokwisha? Nakubali, na nimeiona. Sahani iliyokaa nyuzi 42 siku tatu haina hadithi ya kusimulia. Seli inayolazimika kupambana bila kupumzika hupunguza utengenezaji wa protini zake za kila siku, huanza kujila sehemu zake yenyewe ili ipate malighafi, na huo nao ni mpango halali. Yoshinori Ohsumi alipata Nobel mwaka 2016 kwa kuufumbua, baada ya kuzishindisha njaa seli za hamira na kutazama zinavyojimeza. Lakini kujila kuna mwisho. Kotisoli iliyokaa juu miezi na miezi hudhoofisha kinga na mifupa. Ugomvi wangu na makala si kwamba ilionya kuhusu dhiki. Ni kwamba haikutofautisha dhiki inayokuja na kuondoka na ile iliyohamia na virago, ikazihukumu zote kifungo kimoja.

Nimalizie na ahadi iliyo chini ya makala. Mwandishi amesema wiki ijayo atatufundisha jinsi ya kuzuia seli zisife. Kabla hujaipeleka mitamboni, tafadhali mwombe asome habari za mnyoo mmoja mdogo wa udongoni, mwenye urefu wa milimita moja hivi, anayeitwa Caenorhabditis elegans. Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walishirikiana Nobel ya mwaka 2002 kwa kazi iliyofanywa kwa mnyoo huyo. Tangu yai hadi utu uzima hutengeneza seli 1,090 za mwili, na kati ya hizo 131 hufa. Si 130 wala 132. Zile zile, mahali pale pale, kwa zamu ile ile, kila mnyoo. Kila moja hujikata DNA yake, hujifunga vifurushi, huweka nje ya utando alama ya kuita jirani aje kuimeza, na kwisha bila kumwaga uchafu. Vidole vya mwandishi vilivyoandika makala ile vimeachana kwa sababu seli zilizokuwa kati yake zilifanya hivyo hivyo kabla hajazaliwa. Na protini iitwayo p53, ambayo huamua kama seli yenye DNA iliyoharibika itengenezwe au ife, imekutwa na kasoro katika karibu nusu ya saratani za binadamu. Seli zilizokataa kufa nimezilea pia. Zilikuwa rahisi kuliko zote: hazichagui chakula, hazijali jirani, na kila Jumatatu sahani ilikuwa njano.

Akishasoma, aandike.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Fundi mstaafu wa maabara